Samaki Hukua, Kioo Hakikui: Historia ya Kipimo cha Tangi katika Mitaa ya Eastlands

Tangi la samaki hupimwa kwa samaki aliyekomaa, si kwa kifaranga anayenunuliwa. Kanuni hii ni rahisi kuitamka na ngumu kuifuata, kwa sababu samaki wa kufugwa nyumbani huuzwa akiwa na urefu wa kidole, na tangi linalomtosha siku hiyo huonekana litamtosha siku zote. Mwaka mmoja baadaye samaki yuleyule ana urefu wa kiganja na nusu, anageuka kwa shida, na maji yake huchafuka kila baada ya siku mbili. Katika mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, suala hili lina uzito wa pekee. Nyumba nyingi za huko zilijengwa kwa kipimo cha mtu kama alivyokuwa siku aliyofika mjini, bila kuhesabu kwamba angeoa, angezaa na angezeeka humo. Historia ya makazi ya Eastlands na historia ya chombo cha kufugia samaki zinafundisha jambo moja: kiumbe kinachokua kinastahili kupimiwa mahali pa kuishi kwa kuangalia mwisho wake.

Nyumba iliyopimwa kwa kitanda

Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na kambi ya wajenzi ikageuka mji. Upande wa magharibi, wenye vilima na udongo mwekundu, ulichukuliwa na Wazungu. Waafrika walielekezwa mashariki, kwenye nyanda za udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makazi rasmi ya Waafrika. Shauri Moyo ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1930, Ziwani na Kaloleni katika miaka ya 1940, na baada yake Bahati, Mbotela, Maringo, Jericho na Jerusalem. Makongeni ilikuwa ya wafanyakazi wa reli.

Katika sehemu kubwa ya kipindi hicho, nafasi ya kuishi ilihesabiwa kwa kitanda. Mfanyakazi alichukuliwa kuwa mgeni wa muda mjini, mke na watoto wake wakiwa mashambani, naye angerudi huko mkataba wake ukiisha. Wanaume kadhaa waligawana chumba kimoja, na mifereji ya maji, vyoo na mahali pa kuogea vilikuwa vya pamoja. Kaloleni ilikuwa mfano tofauti, kwa kuwa nyumba zake zilijengwa kwa ajili ya familia na kupangwa kuzunguka ukumbi wa jamii na viwanja vya wazi. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1948 ulieneza fikra hiyo ya mtaa wenye shule, maduka na bustani zake. Mwaka 1954, kamati ya serikali iliyochunguza mishahara ya Waafrika, maarufu kama Kamati ya Carpenter, ilipendekeza kwamba mshahara ukadiriwe kwa mahitaji ya mtu mwenye familia badala ya mwanamume aliye peke yake. Lakini kuta zilikwisha kujengwa. Familia ziliingia katika vyumba vilivyopimiwa kitanda, na chumba cha futi 10 kwa 10 kikabaki kuwa kipimo cha kawaida cha upangaji katika Nairobi hadi leo.

Hatua iliyofuata ilibadilisha fikra. Mwaka 1973 awamu ya kwanza ya Buruburu ilianza, kwa mkopo uliohusisha Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola. Nyumba zake zilikuwa na sebule, vyumba vya kulala, mfereji ndani na stima. Umoja ilijengwa katika muongo huohuo kwa msaada wa Marekani. Dandora, iliyofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 1975, ilikwenda mbali zaidi. Viwanja 6,000 vilitolewa vikiwa na maji na mabomba ya majitaka, na mwenye kiwanja akaachiwa kujenga chumba baada ya chumba kadiri ya uwezo wake. Hapo kwa mara ya kwanza mpango ulikiri kwamba kaya hukua. Buruburu nako wenye nyumba waliongeza vyumba mbele na nyuma, mpaka sura ya mtaa ikabadilika.

Nyumba yenye mfereji wake na stima yake ndiyo ya kwanza inayoweza kubeba tangi kubwa la samaki bila taabu. Tangi huhitaji maji ya kubadilisha kila wiki, pampu inayofanya kazi mchana na usiku, na sakafu imara. Katika chumba cha kugawana vitanda hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa mikononi mwa mpangaji. Tangi pia linatofautiana na nyumba ya Dandora kwa jambo la msingi: haliongezwi chumba. Kioo kikishagundishwa, kipimo chake ni hicho mpaka kivunjwe.

Kutoka bwawa la mfalme hadi sanduku la kioo

Ufugaji wa samaki kwa kupendezwa nao ulianzia Uchina, na ulianzia bwawani. Katika enzi ya Song, iliyodumu kuanzia mwaka 960 hadi 1279, samaki wa jamii ya kapu waliozaliwa na rangi nyekundu na ya dhahabu walitengwa na kukuzwa katika mabwawa ya watu wakubwa. Ndiyo asili ya samaki wa dhahabu. Katika enzi ya Ming, kuanzia mwaka 1368, walianza kuingizwa ndani ya nyumba katika mitungi na mabakuli ya kauri. Chombo kilipopungua, mfugaji naye alibadilika: sasa alitazama samaki kutoka juu, akachagua wenye mapezi mapana na miili ya mviringo ambao hawakuhitaji kuogelea mbali. Aina hizo fupi na nene bado zipo, na bado huhitaji nafasi ndogo kuliko samaki wa dhahabu wa kawaida, ambaye hufikia sentimita 30 na zaidi akipewa maji ya kutosha.

Sanduku la kioo lilikuja baadaye. Mwaka 1832, Jeanne Villepreux-Power, mwanasayansi Mfaransa aliyeishi Sisilia, alitengeneza masanduku ya kioo ili achunguze viumbe vya bahari vikiwa hai. Mwaka 1850, mkemia Robert Warington wa London alieleza jinsi mimea ya majini, konokono na samaki wawili wadogo wa dhahabu walivyoweza kuishi pamoja katika chombo cha galoni 12, yaani takriban lita 54. Alichogundua ni kwamba maji yana mizani yake: samaki huyachafua, mmea na viumbe vidogo huyasafisha, na kazi hiyo ina mpaka. Mwaka 1853, bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la kwanza la samaki kwa umma, na mwaka uliofuata kitabu cha Philip Henry Gosse kikaeneza jina akwariamu.

Matangi ya zama hizo yalikuwa na fremu za chuma na vioo vilivyoshikizwa kwa lami au mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Yalikuwa mazito, yalishika kutu, na hayakufaa maji ya chumvi. Katika miaka ya 1960 gundi ya silikoni ilibadilisha kazi hiyo. Vioo vitano viligundishwa kingo kwa kingo bila fremu, na fundi yeyote mwenye kikata kioo, futi kamba na mkono mtulivu akaweza kutengeneza tangi la kipimo chochote. Mabadiliko hayo yaliitoa kazi kiwandani na kuileta kwa fundi wa mtaani. Leo katika Nairobi mafundi wa vioo hukata na kugundisha matangi kwa kuagizwa, na mafundi wa jua kali, ambao Kamukunji na Gikomba ni ngome zao za zamani, huchomelea vyuma vya pembe kuwa stendi. Mnunuzi hafungwi tena na vipimo vya dukani. Hilo ni jema, ila pia linamwachia yeye mwenyewe wajibu wa kujua ni kipimo gani aagize.

Katika miji mingine, kipimo cha chombo kimekuwa jambo la sheria. Mwaka 2005 baraza la jiji la Roma lilipiga marufuku kufuga samaki katika mabakuli ya mviringo. Bakuli la namna hiyo lina mdomo mwembamba unaopunguza hewa inayoingia majini, na halina nafasi ya kichujio.

Samaki wa ziwa mjini

Wakazi wa Eastlands walijua samaki wakubwa kabla ya kujua samaki wa kioo. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na kuliunganisha Ziwa Viktoria na Nairobi. Watu wa ziwa walioajiriwa na reli na manispaa walikaa Makongeni, Kaloleni na mitaa ya jirani, na majina ya samaki wao yakaingia katika lugha ya soko. Katika soko la Gikomba huuzwa ngege, mbuta (yaani sangara), omena, kambare ambaye wengi humwita mumi, na kamongo. Mnunuzi wa Gikomba anajua kwa macho yake kwamba mbuta anaweza kumzidi mtoto kwa urefu. Samaki huyo hufikia mita 2 na uzito wa kilo 200. Kamongo naye hufikia mita 2, na kambare hupita mita 1.

Ziwa hilohilo ndilo nyumbani kwa samaki wadogo wenye rangi wanaoitwa fulu, wa jamii ambayo wafugaji wa dunia nzima huitafuta. Mamia ya aina zao yalikuwa ziwani. Mbuta aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980, na aina nyingi za fulu zikatoweka. Baadhi ziliokolewa kwa kuzalishwa katika matangi ya vyuo na majumba ya samaki ya Ulaya na Marekani. Hapo tangi la kioo lilifanya kazi ya heshima: lilihifadhi kizazi ambacho ziwa lilikuwa likikipoteza. Liliweza kufanya hivyo kwa sababu fulu wengi hawazidi sentimita 15. Hakuna tangi la nyumbani ambalo lingeweza kumhifadhi mbuta kwa namna hiyo.

Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka 1980, huonyesha samaki wa ziwa katika matangi.

Samaki hakui kwa kufuata chombo

Imani iliyoenea zaidi kuhusu suala hili ni kwamba samaki hukua kulingana na tangi lake, na kwa hiyo tangi dogo humfanya abaki mdogo. Imani hiyo ina chembe ya kweli iliyofasiriwa vibaya. Samaki wengi huendelea kukua karibu maisha yao yote, kwa kasi ujanani na polepole baadaye. Maji yakiwa machache, taka hujikusanya, hewa hupungua na hamu ya kula hushuka, hivyo ukuaji hudumaa. Kudumaa huko ni ugonjwa. Uti wa mgongo unaweza kupinda, kinga ya mwili hupungua, na samaki ambaye angeishi miaka mingi hufa mapema. Samaki wa dhahabu aliyeitwa Tish, aliyefugwa Uingereza, alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Wenzake wengi wanaowekwa katika mabakuli hawamalizi hata miaka 2.

Sababu kuu ya madhara hayo ni amonia. Samaki huitoa mwilini kupitia matamvua, na chakula kinachooza huiongeza. Bakteria wanaoishi kwenye changarawe na kichujio huigeuza kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, kisha naitreti, ambayo ni hatari kidogo na huondolewa kwa kubadilisha maji. Tangi jipya huchukua kati ya wiki 4 na 6 kupata bakteria wa kutosha. Katika maji mengi, sumu huongezeka polepole na mfugaji hupata muda wa kurekebisha. Katika maji machache, huongezeka kwa saa.

Kanuni ya zamani iliyogawa maji kwa urefu wa samaki, inchi moja kwa galoni moja, huvunjika hapa. Mwili haukui kwa urefu peke yake, bali pia kwa upana na kwa kina. Urefu ukiongezeka mara 2, uzito huongezeka takriban mara 8. Samaki wa sentimita 30 ana urefu wa samaki 6 wa sentimita 5, lakini uzito wake unakaribia ule wa samaki 216 wa kimo hicho. Chakula anachokula na taka anazotoa hufuata uzito wake, wala si urefu.

Kambare na kamongo huleta udanganyifu wa namna nyingine. Wote wawili huvuta hewa kutoka juu ya maji, na ndiyo maana kambare huonekana hai kwa saa nyingi sokoni ndani ya beseni lenye maji kidogo. Uwezo huo ni wa kuvuka kiangazi na tope, kama kamongo anavyojizika ardhini mpaka mvua irudi. Kumweka katika tangi dogo kwa sababu hafi ni kuchukua uvumilivu wake kuwa ni ridhaa.

Hesabu ya tangi

Wafugaji wazoefu hutumia kipimo kinachoanzia kwa samaki aliyekomaa. Urefu wa tangi usipungue mara 4 ya urefu wa samaki, ili aweze kuogelea kabla ya kugeuka. Upana usipungue mara 1 na nusu, ili ageuke bila kupinda mkia. Kimo cha maji hufuata, nacho kina umuhimu mdogo, kwa kuwa hewa huingia kupitia uso wa maji. Tangi refu na pana lenye kina cha wastani ni bora kuliko tangi la kusimama kama mnara, hata kama ujazo wao ni sawa.

Oska, samaki wa mto Amazon anayependwa kwa sababu humtambua anayemlisha, ni mfano mzuri. Akikomaa hufikia sentimita 30. Tangi lake basi ni la sentimita 120 kwa 45, na kina cha sentimita 50 hutoa lita 270. Hilo ni tangi la oska mmoja. Samaki wa dhahabu wa kawaida ana urefu huohuo na huhitaji nafasi hiyohiyo. Wale wenye miili ya mviringo, wanaoishia sentimita 15 hadi 20, hutosheka na tangi la sentimita 80 kwa 40 wakiwa wachache. Pleko, ambaye huuzwa akiwa mdogo kama msafishaji wa kioo, hufikia sentimita 40 au zaidi, na hivyo huhitaji tangi kubwa kuliko la samaki aliyeletwa kumfanyia usafi. Koi wa Kijapani hupita sentimita 60, na mahali pake ni bwawa.

Hesabu hiyohiyo ikipelekwa kwa samaki wa ziwa, jibu liko wazi. Kambare wa mita 1 angehitaji tangi la mita 4 kwa mita 1 na nusu. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina takriban mita 3 kila upande. Tangi la kambare aliyekomaa ni refu kuliko nyumba.

Mitungi, stima na mwinuko

Tangi la lita 270 likibadilishwa robo ya maji yake kila wiki huhitaji lita 68, yaani mitungi mitatu na nusu ya lita 20. Kipimo hicho kina maana kubwa Eastlands. Nairobi ilikunywa kwanza maji ya chemchemi za Kikuyu, kisha ya bwawa la Ruiru lililokamilika mwaka 1950, la Sasumua katika muongo huohuo, na la Ndakaini katika miaka ya 1990. Idadi ya watu ilizidi mabwawa. Mitaa mingi hupata maji kwa zamu, na siku nyingine ni mkokoteni wa mitungi unaoleta maji mlangoni kwa pesa. Mfugaji anayepanga tangi kubwa lazima kwanza apange pipa la akiba. Pipa hilo lina faida ya pili: maji ya mfereji huwa na klorini, na yakiachwa wazi kwa siku moja sehemu kubwa ya klorini huondoka. Maji ya visima vya kuchimba hayana klorini, lakini katika Nairobi mara nyingi yana madini mengi, floridi ikiwemo, na hayafai kumiminwa kwa wingi kwa mara moja.

Vitabu vingi vya ufugaji vimeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Eastlands iko juu ya usawa huo kwa zaidi ya mita 1,600. Hewa ya huko ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu. Maji ya nyuzi 25 yanayoweza kubeba miligramu 8 za oksijeni kwa lita kule Mombasa hubeba karibu 7 tu Nairobi. Samaki wakubwa, wanaohitaji oksijeni nyingi, ndio wa kwanza kuhema juu ya maji. Kwa hiyo vipimo vya vitabuni vichukuliwe kuwa vya chini kabisa, na idadi ya samaki ipunguzwe. Baridi nayo huhesabiwa. Usiku wa Julai huwa na baridi kali, na samaki wa maji ya joto kama oska huhitaji kifaa cha kupasha maji, takriban wati 1 kwa kila lita. Samaki wa dhahabu huvumilia baridi hiyo bila kifaa.

Stima ikikatika, pampu husimama. Katika tangi kubwa lenye samaki wachache, oksijeni iliyomo huwatosha kwa saa kadhaa. Katika tangi dogo lililojaa, samaki mkubwa anaweza kufa kabla ya taa kurudi. Ukubwa wa tangi ni akiba ya hewa kama vile pipa lilivyo akiba ya maji.

Uzito juu ya sakafu, msukumo juu ya kioo

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita 270 pamoja na kioo, changarawe na stendi hufikia kilo 350 hivi, zilizosimama juu ya eneo linalozidi kidogo nusu mita ya mraba. Sakafu ya zege iliyo juu ya ardhi, kama ile ya nyumba za Kaloleni au ya chini katika Buruburu, hubeba mzigo huo bila shida. Ghorofa za kupangisha zilizosimama Umoja, Kayole na Pipeline zinahitaji uangalifu. Tangi likae kando ya ukuta, juu ya boriti au karibu nayo, lisiwekwe katikati ya chumba wala kwenye kibaraza. Eastlands imewahi kuona gharama ya jengo duni: tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma na kuua makumi ya watu. Pale ambapo ubora wa jengo unatiliwa shaka, tangi kubwa lisipandishwe ghorofani.

Maji pia husukuma pembeni. Katika kioo cha mbele chenye urefu wa sentimita 120 na kina cha sentimita 50, msukumo wote ni sawa na uzito wa kilo 150 hivi. Kioo cha dirisha cha milimita 3 au 4 hakiwezi kuuhimili. Kwa kina hicho, milimita 10 ndicho kipimo cha kawaida. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya ukungu, na iachwe ikauke mpaka harufu yake ya siki iishe kabisa. Tangi jipya lijazwe nje ya nyumba kwa siku kadhaa kabla ya kuingizwa ndani. Chini yake, tandiko jembamba la sponji husawazisha uso, maana chembe moja ya changarawe chini ya kioo inatosha kukipasua.

Samaki gani kwa nyumba gani

Vipimo hivi vikiwekwa pamoja na aina za nyumba, mgawanyo hujipanga wenyewe. Katika chumba kimoja cha kupanga, chenye maji ya mitungi na stima ya kukatika, samaki wanaofaa ni wale wanaokomaa wakiwa wadogo, kama gapi, ambao hawazidi sentimita 6. Tangi lao la lita 50 au 60 hubadilishwa maji kwa mtungi mmoja kwa wiki. Katika nyumba ya vyumba viwili au vitatu ya mtindo wa Buruburu, Umoja au Donholm, ukuta mmoja wa sebule unaweza kubeba tangi la mita 1.2, na hapo oska mmoja au samaki wachache wa dhahabu wenye miili ya mviringo huishi vizuri. Mwenye kiwanja chenye ua anaweza kujenga hodhi la saruji na kufuga koi. Kambare, kamongo na mbuta ni wa ziwa, mto na bwawa la shamba. Serikali ilipoanzisha mwaka 2009 mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila eneobunge lililochaguliwa, kila bwawa lilipangwa liwe na mita 300 za mraba. Hicho ndicho kipimo ambacho taifa liliona kinafaa samaki wa kula, na ni kikubwa zaidi ya mara 30 kuliko chumba cha futi 10 kwa 10.

Samaki aliyekwisha kulizidi tangi lake hapaswi kumwagwa katika Mto Nairobi, Mto Ngong au bwawa lolote. Ziwa Viktoria na mbuta wake ni ushahidi wa kile ambacho samaki mgeni anaweza kufanya. Ziwa Naivasha nalo lilipokea kamba wa Louisiana mwaka 1970 na baadaye kapu, na maji yake hayakurudi kuwa kama yalivyokuwa. Samaki wa namna hiyo arudishwe kwa muuzaji au apewe mwenye tangi kubwa zaidi.

Waliopima vyumba vya Eastlands kwa kitanda waliwaacha wajukuu wa wapangaji wa kwanza na kazi ya kubomoa na kuongeza. Mwenye tangi hana nafasi ya kuongeza, kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe urefu wa samaki akikomaa, na jibu lake lipimwe kwa futi kamba ukutani kabla ya samaki kutiwa mfukoni. Nyumba isiyo na nafasi hiyo inafaa samaki mdogo, na samaki mdogo katika maji yanayomtosha ni ufugaji kamili.